MAKAO YA VIJANA WETU WASOMAO NG'AMBO, TANGU ESAIGA HATA SEOUL



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita, hapa Kenyenya, mzee mmoja aliinuka akauliza: "Mtoto akipewa skolashipu na serikali ya watu, nyumba si imo humo humo?" Sisi tuliokuwa mezani tulitazamana, wala hapakuwa na mmoja aliyekuwa na jibu la kumtosha. Swali liliandikwa katika daftari ya mkutano, na chini yake pakaachwa nafasi nyeupe. Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Hesabu za fedha zimo katika kurasa za Mweka Hazina. Hapa twaeleza habari za mambo yalivyokuwa, ili mkutano wa mwaka huu utakapokata shauri, ukate ukijua.

Swali la mzee lilitokana na barua. Ilitoka Korea ya Kusini, kwa kijana wa huku kwetu ambaye wengi wenu mwamkumbuka, maana mlikula fahali wake wa kuagwa. Siku ile tulimpa koti zito, tukampa na vinyago vya mawe ya Tabaka awapelekee walimu wake. Hotuba zilikuwa nyingi, na karani wenu alisoma ya kwake pia. Mwaka wake wa kwanza alipewa kitanda katika bweni la chuo. Mwaka wa pili vitanda vilipigiwa kura, na kura haikumwangukia. Aliandika kwa adabu, "Wazee wangu," wala hakuomba chakula wala nguo. Aliomba mkopo wa amana ya chumba.

Barua ilifika mwezi wa pili, na muhula wa huko huanza mwezi wa tatu. Halmashauri ilikutana baada ya majuma matatu, ikafungua katiba ya Chama, ikaona humo fedha za maziko, za karo, na za wagonjwa. Neno "nyumba" halikuwamo. Tukaahirisha. Tulipokutana tena, kijana alikuwa amekwisha kujitafutia pahali, na pahali penyewe tutapaeleza mbele. Hatukumtendea vema, na afadhali neno hili tuliseme wenyewe kuliko kulisikia likisemwa na wengine sokoni.

Basi tuanze mbali.

Baba zetu hawakuona makao ya kijana kuwa jambo dogo. Mvulana akisha kutahiriwa hakulala tena nyumbani mwa mama yake. Alikuwa na esaiga, nyumba ya vijana wasiooa, na hata leo mzee akimjengea mwanawe chumba cha pembeni huita jina hilo hilo. Zaidi ya hayo, kabla ya utawala wa Waingereza zilikuwako ebisarate, yaani kambi za ng'ombe zilizo mbali na miji, ambako vijana walikaa pamoja kulinda mifugo na mipaka. Hapakuwa na baba aliyempeleka mwanawe katika egesarate akamwambia, "Paa utajitafutia huko." Kambi ilikuwako kabla ya kijana kufika, na chakula kilipelekwa kutoka nyumbani. Serikali ya Kiingereza ilipokwisha kuishika nchi ya Gusii kwa nguvu, katika vita vya 1905 na 1908, ebisarate zikavunjwa. Kazi yake nyingine ilikwisha pamoja nazo. Lakini twasema kwamba ndani yake mlikuwa na elimu ya namna ya kumpeleka kijana mbali.

Baada ya hapo vijana wakaenda kazini. Waliokwenda Kericho walilazwa katika safu za nyumba za makampuni ya chai. Waliokwenda Nairobi walikuta Pumwani, Muthurwa ya reli, na baadaye Kaloleni. Mshahara wa mwafrika wakati huo ulikatwa kwa kadiri ya mtu mmoja asiye na mke, na jambo hilo lilikubaliwa waziwazi katika taarifa ya Kamati ya Mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter, mwaka 1954. Mtu hakupanga chumba, alipanga nafasi ya kitanda. Mgeni aliyeshuka kutoka Gusii bila jina la ndugu wa kumwendea alilala nje, au alilala korokoroni kwa kosa la kukutwa nje. Vyama vya ustawi kama hiki chetu vilizaliwa katika vyumba hivyo: mwenye mkeka alimpa nusu yake asiye nao, kisha wakaandika majina, kisha wakachanga. Wanachama vijana hufikiri Chama kilianza kwa maziko. Kabla ya kuzikana watu walilazana.

Wale waliosoma walikuwa na bahati zaidi, maana shule za misheni na za serikali ziliwapa malazi. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakajenga Nyanchwa, na mtoto aliyekubaliwa bwenini alipata kitanda, blanketi na kengele ya kumwamsha. Waliofuzu zaidi walikwenda Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, na huko bweni lilikuwa sehemu ya elimu yenyewe. Hapa tuna habari moja ambayo wazee watacheka. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo, kwa kuchochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki bwana mmoja wa serikali aliyeitwa Northcote. Bwana huyo alipona. Akapanda vyeo, akawa Gavana wa Hong Kong, na baadaye akasimamia Baraza la Makerere. Na bweni moja kubwa la Makerere likaitwa Northcote Hall. Kwa hiyo watoto wa Gusii waliosoma huko walilala chini ya jina la mtu yule yule ambaye babu zao walishindwa kumwua. Bweni hilo baadaye lilibadilishwa jina, likaitwa Nsibirwa.

Tatizo lilianza pale kijana alipovuka bahari, maana huko ng'ambo mara nyingi mwenye kumpa masomo hakuwa ndiye mwenye kumpa nyumba.

Jomo Kenyatta alitumwa London mwaka 1929 na chama cha Kikuyu Central Association, kwa fedha zilizochangwa na wanachama, senti kwa senti, kama tuchangavyo sisi. Alipelekwa tena mwaka 1931. Fedha za kumpeleka zilipatikana. Za kumkalisha zilikuwa haba, na miaka aliyoishi huko yajulikana kuwa ilikuwa ya dhiki. Tangu 1933 hata 1937 alikaa katika nyumba ya 95 Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, na siku hizi ukutani pana kibao cha kumkumbuka. Wapitao husoma kibao. Kodi iliyokuwa ikidaiwa ndani haikuandikwa.

Wenzetu wa Afrika ya Magharibi walilitambua jambo hili mapema kuliko sisi. Walikuwa na umoja wa wanafunzi ulioitwa WASU, na katibu wao, Ladipo Solanke, wakili wa Nigeria, aliona jinsi wanafunzi weusi walivyofukuzwa milangoni mwa nyumba za kupanga mjini London. Hakuandika malalamiko tu. Mwaka 1929 alipanda meli akarudi Afrika, akazunguka kutoka mji hata mji mpaka mwaka 1932, akiwaomba machifu, wafanya biashara na makarani wachangie nyumba. Mwezi wa Machi 1933 nyumba ya WASU ikafunguliwa, 62 Camden Road. Serikali ya Kikoloni ilipoona hivyo ikafungua yake, Aggrey House, mwaka 1934, na wanafunzi wengi wakaitilia shaka, wakisema kwamba mwenye kumpa mtu kitanda bure huweza pia kumsikiliza akiota. Aggrey House ilifungwa mwaka 1940. Nyumba ya wanafunzi wenyewe iliendelea.

Baada ya Vita vya Pili wanafunzi wa makoloni waliongezeka sana, na tangu Januari 1950 baraza liitwalo British Council lilipewa kazi ya kuwapokea melini na kuwatafutia malazi. Baadhi yao walikaa katika hosteli ya Hans Crescent. Wengi waliingia katika nyumba za kupanga, chini ya mama mwenye nyumba. Wengine walipata akina mama wema ambao waliandikiana nao barua miaka na miaka. Wengine walikuta karatasi dirishani zenye kusema kwamba watu weusi hawatakiwi, au waliambiwa katika simu kwamba chumba kipo, kisha wakiisha kuonekana uso wakaambiwa kimekwisha kuchukuliwa. Na wako waliokubaliwa kwa sharti la kulipa zaidi ya mzungu kwa chumba kile kile. Tusidhani mambo haya yalikatazwa upesi. Sheria ya kwanza ya Uingereza juu ya ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, haikugusa nyumba za kupanga. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1968. Kwa hiyo watu wa kizazi cha marehemu James Nyamweya, aliyesoma sheria London katika miaka ya 1950, walisoma sheria katika mji ambao sheria haikuwalinda mlangoni.

Mwaka 1959 ikaja habari ya ndege za Tom Mboya. Wazee wengi waikumbuka. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walipanda ndege moja ya kukodi kwenda New York, na hata mwaka 1963 vijana wa Afrika ya Mashariki waliosafiri kwa mpango huo walikuwa karibu 800. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi za masomo, na shirika la African American Students Foundation lilitafuta nauli. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy ilitoa dola 100,000. Watu huku nyumbani waliuza ng'ombe na kufanya karamu za chai. Lakini ukisoma kwa uangalifu utaona kwamba kila mfuko ulikuwa na jina lake: huu wa nauli, huu wa karo. Kitanda na chakula vilibaki kwa namna nyingi kwa kijana mwenyewe, akaosha vyombo jikoni mwa chuo, akafagia, akalea watoto wa watu. Tena mabweni ya huko hufungwa wakati wa likizo, na Krismasi ya Marekani ni ya theluji. Mwanafunzi asiye na jamaa wa kumkaribisha huwa hana pa kwenda. Jamaa wengi walifungua nyumba zao, na hilo twalitaja kwa shukrani. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960 katika chuo cha masista mjini Atchison, Kansas, ameeleza jinsi alivyotunzwa vizuri na masista hao. Na ameeleza pia kwamba njiani, wakisafiri kwa basi, walikataliwa kuketi katika mkahawa wanywe soda, kwa sababu ya rangi yao. Mlango wa kulala ulikuwa wazi, wa kunywa soda umefungwa.

Kwa upande wa Urusi mambo yalikuwa kinyume. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, kikaitwa kwa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, na kule bweni lilikuwa ni haki ya mwanafunzi pamoja na posho. Nyumba haikuwa taabu. Taabu ilikuwa majirani. Mwaka 1965 wanafunzi 29 wa Kenya waliokuwa wakisoma Baku waliacha masomo wakarudi Nairobi, wakilalamika juu ya ubaguzi na ugomvi na wenyeji. Tumelitaja hili kwa sababu wako wanachama wasemao kwamba bweni likiwapo basi kazi imekwisha. Watu 29 walikuwa na bweni.

Sasa tufike Korea, ambako barua yetu ilitoka.

Kenya na Korea ya Kusini zilianza ubalozi mwezi wa Februari 1964. Wakati huo Korea haikuwa nchi ya kwenda kutafuta elimu. Ilikuwa imetoka katika vita vya 1950 hata 1953, miji imebomolewa, na tangu mwaka 1963 ilikuwa ikiwapeleka vijana wake Ujerumani ya Magharibi kuchimba makaa, na baadaye wauguzi wa kike, wote wakilala katika hosteli za wageni na kutuma mishahara nyumbani. Twawaomba wanachama wakumbuke jambo hili wanaposikia habari za utajiri wa Wakorea: wazee wao nao walikuwa wapangaji wa watu. Serikali yao ilianza kutoa skolashipu kwa wageni mwaka 1967, na mwaka 2023 ilitangaza nia ya kuwa na wanafunzi wa kigeni laki tatu ifikapo 2027. Mwaka 2024 walikuwa wamekwisha kupita laki mbili.

Skolashipu yenyewe ni nzuri, wala hatutaki mtu atoke hapa akisema kwamba tumeidharau. Hulipa nauli, karo, mwaka mzima wa kujifunza lugha, na posho ya kila mwezi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa karibu won milioni moja, tena siku hizi imeongezwa. Lakini kodi ya nyumba haikutengwa mbali. Imo ndani ya posho, pamoja na chakula, basi, vitabu na bima ya matibabu, ambayo tangu Machi 2021 kila mwanafunzi wa kigeni ameamriwa kuilipa. Kwa hiyo mzee aliyeuliza swali apewe jibu lake: nyumba imo, na haimo.

Palipo na bweni hesabu hukaa sawa. Lakini mabweni ya vyuo vya Korea, kwa wenyeji na wageni pamoja, hutosha mwanafunzi kama mmoja kati ya watano tu, na Seoul ni haba zaidi. Chuo kikitaka kujenga bweni jipya, mara nyingi wenye nyumba za kupanga walio jirani hupinga, maana bweni ni njaa kwao. Basi vitanda hupigiwa kura au hugawanywa kwa alama, na wa mwaka wa kwanza hutangulizwa. Kijana hupata kitanda anapokuwa mgeni kabisa, na hukikosa anapoanza masomo mazito.

Akitoka bwenini hukutana na desturi ambayo sisi hatukuielewa mpaka ilipoelezwa mara tatu. Zamani wanafunzi wa mikoani waliokwenda Seoul walikaa katika nyumba ziitwazo hasukchipu, ambamo mama mwenye nyumba huwapikia asubuhi na jioni, na hizo zimebaki chache. Chumba cha kawaida hupangwa kwa namna mbili. Ya kwanza huitwa wolse: mpangaji hulipa kodi kila mwezi, lakini kwanza huweka amana, ambayo kwa chumba kimoja karibu na vyuo vya Seoul ni mara nyingi won milioni 5 au milioni 10. Milioni 5 ya won, kwa bei ya fedha ya mwaka 2024, ni zaidi ya shilingi laki nne na nusu. Ya pili huitwa chonse: mpangaji hatoi kodi hata senti, humkabidhi mwenye nyumba fungu kubwa la fedha, huweza kufika nusu ya bei ya nyumba au zaidi, naye mwenye nyumba hulitumia kwa faida yake muda wa miaka miwili, kisha hulirudisha lote.

Tulipoieleza chonse katika Halmashauri, wasomi wetu walikunja uso. Aliyeielewa kwanza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Alisema: "Karani, huyo ni ng'ombe wa kuwekesha." Akatukumbusha kwamba zamani mtu mwenye ng'ombe wengi aliweka baadhi yao kwa rafiki wa mbali, rafiki alikunywa maziwa na kutumia mbolea, na ng'ombe akabaki wa mwenyewe. Amana ni ng'ombe, faida ni maziwa, na nyumba ndiyo asante ya maziwa. Tangu hapo hatukuwa na haja ya kueleza tena.

Mzee mwingine akauliza, kama ilivyo haki, "Na rafiki akimchinja ng'ombe?" Hutokea. Katika miaka ya 2022 na 2023 wapangaji wengi sana wa Korea, hasa vijana, walipoteza amana zao kwa wenye nyumba wadanganyifu au waliofilisika, mpaka ikatungwa sheria maalumu mwaka 2023 kuwasaidia. Lakini iko kinga ya tangu zamani, chini ya sheria ya wapangaji ya mwaka 1981: mpangaji akihamia huandikisha makao yake katika ofisi ya mtaa, na mkataba wake hupigwa muhuri wa tarehe, nyumba ikinadiwa kwa deni, mwenye muhuri wa mapema ana haki mbele ya wadai waliokuja nyuma yake. Sisi makarani tulifurahi kuona kwamba hata huko duniani mbali mtu huokolewa na muhuri.

Asiye na amana huenda goshiwoni. Hapo ndipo alipokwenda kijana wetu.

Neno hilo lina historia yake. "Goshi" ni mtihani mkubwa wa serikali. Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kilihamia Gwanak mwaka 1975, na katika mtaa wa Sillim ulio karibu watu waligawa nyumba zao kuwa vijumba vidogo vidogo kwa ajili ya vijana waliojifungia kusomea mtihani wa uanasheria. Kijumba kilikuwa na meza, kitanda na taa; zaidi ya hapo msomaji hakutaka. Mtihani ule ulikomeshwa mwaka 2017, lakini vijumba vilibaki, vikaenea mji mzima, na sasa hukaliwa na vibarua, wazee maskini na wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa havitaki amana kubwa. Mtu hulipa kwa mwezi, na katika nyingi mna wali na kimchi bure jikoni. Upana wake, kama alivyotuandikia kijana, ni wa mtu kulala na kunyosha mkono mmoja. Chenye dirisha hulipiwa zaidi. Cha kwake hakikuwa na dirisha, na ukuta ulikuwa ubao, hata akajua saa ya kuamka ya jirani yake kwa kukohoa kwake. Alifanya mitihani miwili akiwa humo, akafaulu mmoja.

Wala si udogo tu. Tarehe 9 Novemba 2018, alfajiri, goshiwoni moja ya mtaa wa Jongno, katikati ya Seoul, ilishika moto kwa sababu ya hita ya umeme chumbani, na watu 7 wakafa. Baada ya hapo kanuni zilikazwa, na mwaka 2022 mji wa Seoul uliamuru kwamba katika goshiwoni mpya kila chumba kiwe na dirisha. Za zamani bado zipo. Tulipoisoma habari hii tulikuwa tumekwisha kuahirisha barua ya kijana mara moja, na hatutaficha kwamba mkutano ulikaa kimya kitambo.

Yako na mema. Nyumba za Kikorea hupashwa moto kwa chini ya sakafu. Zamani moshi wa jiko ulipitishwa chini ya mawe kabla ya kutoka nje, na siku hizi ni maji ya moto katika mabomba. Jambo hilo huitwa ondoli. Kijana aliandika kwamba wakati wa baridi kali, chini kabisa ya kipimo cha barafu, mtu hulala sakafuni akapata joto kama aliyelala karibu na mafiga ya mama yake. Wazee wa huko husalimiwa kwa kuinamiwa, na mdogo hapokei kitu kwa mkono mmoja. Mtoto aliyelelewa Gusii hahitaji kufundishwa hayo mara mbili. Mama mmoja mwenye duka la mboga, alipojua kwamba hana jikoni lake mwenyewe, alimruhusu apikie nyuma ya duka siku za Jumapili. Alipika ugali wa mahindi. Akasema kwamba mama yule aliuonja, akauliza chumvi iko wapi.

Sasa haja yetu. Katika mkutano wa mwaka huu Halmashauri italeta azimio la kuanzisha Mfuko wa Amana, mbali na mfuko wa karo. Yako maneno mawili ambayo wanachama wayapime. La kwanza ni kwamba fedha za amana hurudi. Karo ikilipwa imekwenda. Fahali wa kuaga akiliwa amekwenda. Lakini amana ya wolse, kijana akihama vizuri, hurudi karibu yote, na aweza kupewa anayemfuata. Ng'ombe mmoja aweza kuwekeshwa mara tatu, mara nne. Kwa sababu hiyo azimio lasema kwamba mkataba usomwe na kutafsiriwa, muhuri wa tarehe upigwe, na nakala yake iletwe kwa karani kabla ya fedha kutoka, na kwamba mzazi au mjomba aweke sahihi ya kudhamini.

La pili ni gumu zaidi, na Halmashauri imegawanyika juu yake. Wako wasemao kwamba fedha za wengi zisiwekwe kwa mtoto wa mmoja, na kwamba hapa Kenyenya wako wajane wenye mapaa yanayovuja. Kama ni nyumba, tuanze na hizo. Hatuwezi kusema kwamba wamekosea. Wengine wajibu kwamba mwaka ule tulitumia kwa karamu ya kumuaga fedha ambazo, tungalizitia katika mkopo, zingalikuwa nusu ya amana yake, na wajane hawakuonja nyama ile pia, ila wachache. Daftari ya matumizi imewekwa wazi mezani kwa karani, na kila mwanachama aweza kuja kuitazama siku yoyote ya kazi.

Kijana mwenyewe amepata tena kitanda cha bwenini kwa mwaka wake wa tatu. Ameandika barua ya pili, ambayo haina lawama. Yataka tu kujua ni nani atakayefuata kuja, ili amwambie mapema siku ya kuandikisha jina la kura. Barua zote mbili zitasomwa mkutanoni kabla ya kupiga kura juu ya azimio. Wazee watakaotaka kusema wampe karani majina yao mapema, maana mwaka uliopita mvua ilitukuta tukiwa katika ajenda ya tatu.